Talaka Huvunja Ndoa, Haivunji Ubaba

Tumepokea barua ndefu kutoka kwa mama mmoja wa Namtumbo, katika Mkoa wa Ruvuma. Jina lake tumelificha kama alivyotuomba, na kila lenye kumtambulisha yeye au wanawe tumeliondoa. Kilichobaki ni kiini cha maneno yake, nacho ni hiki:

"Mheshimiwa Shehe, assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu alinipa talaka miaka minne iliyopita, eda ikesha, na mahakama ikaandika kuwa ndoa yetu imevunjika. Yeye amehamia Songea, ameoa, na kazi yake ni kununua ufuta na mahindi kwa wakulima na kuuza. Watoto ninao mimi. Miezi mitatu ya mwanzo alileta unga na fedha kidogo, kisha akakoma. Kila nikimkumbusha, jawabu lake ni kunishitaki. Mara ya kwanza alidai mabati ya nyumba ninayokaa, akashindwa. Mara ya pili alidai watoto. Hakimu akasema wabaki kwangu, naye akakata rufaa, akashindwa tena. Sasa nimeletewa samansi ya tatu: awadai watoto wale wale. Kila nikiitwa Songea hupoteza siku nzima na nauli, na shamba hubaki na magugu. Juzi alimtuma mjomba wake aniambie: 'Andika karatasi kuwa hudai chochote kwa ajili ya watoto, sasa wala baadaye, nami nitaifuta daawa.' Nimechoka, Shehe. Nilikwisha chukua kalamu nitie sahihi. Nauliza: naweza kumsamehe ili nipate amani? Miaka hii aliyonyima, ni deni juu yake? Na je, nina kosa nikiwazuia watoto wasimwone baba yao mpaka alipe? Idi iliyopita alikuja kuwachukua, nami nikawaficha kwa jirani."

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yetu, kalamu hiyo iweke chini kwanza, ukatusikilize.

Mambo uliyoyauliza ni matatu, lakini msingi wake ni mmoja: je, hayo masurufu ya watoto, ambayo sheria ya nchi huyaita matunzo, ni mali ya nani? Ukilijua hilo, mengine yote hujibika.

Watu wengi hudhani kuwa masurufu ya mtoto ni malipo apewayo mama. Ndiyo maana utamsikia mwanamume akisema, "Sitampa mwanamke yule fedha yangu akale na mwingine." Na ndiyo maana mama naye, akichoka, hudhani aweza kusamehe, kama mtu asameheavyo deni lake la dukani. Wote wawili wamekosea. Masurufu hayo ni haki ya mtoto. Mama ni mkono tu unaopokea. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, Aya ya 233, amewajibisha baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyesha mwanawe, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Na katika Aya hiyo hiyo amekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Tazameni, ndugu zetu, jinsi makatazo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Mola wetu alijua kuwa watu wakisha achana, silaha iliyo karibu zaidi na mikono yao ni mtoto.

Basi jawabu la swali lako la kwanza ni hili. Cha kwako unaweza kukisamehe. Kama anadaiwa mahari yako, au masurufu ya eda yako, hayo ni yako, ukitaka msamehe, na malipo yako yapo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini chakula cha wanao watatu si chako. Amani anayokuuzia bwana yule unainunua kwa mali ya watu wengine, nao ni wadogo, hawakuulizwa. Wanavyuoni wamesema kuwa hata mama akijitwika mwenyewe mzigo wa kumlisha mtoto, kisha akashindwa, mtoto haachwi na njaa. Wajibu hurudi kwa baba. Na sheria ya nchi imefuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kuwa ni wajibu wa baba kuwatunza watoto wake wachanga, wakiwa kwake au wakiwa kwa mwingine, kwa makazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya hali yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeyataja matunzo kuwa haki ya mtoto mwenyewe. Kwa hivyo karatasi hiyo usiitie sahihi. Mwambie mjomba kwa adabu: "Nisichokuwa nacho siwezi kukitoa."

Swali la pili, juu ya miaka iliyopita, ndilo lenye jambo ambalo wengi hawalijui, nasi twaomba kila mama alisikie. Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika madhehebu hayo, masurufu ya mke yasipotolewa huwa deni juu ya mume, na hubaki deni hata ipite miaka mingapi. Lakini masurufu ya mtoto siyo hivyo. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa masurufu ya jamaa, na mtoto yumo humo, huanguka siku zikipita. Hayawi deni illa ikiwa kadhi aliyakadiria, au alitoa idhini ikopwe fedha kwa jina la baba asiyekuwapo au anayenyima. Hekima yake ni kuwa masurufu hayo yamewekwa kuondoa njaa ya leo, na njaa ya jana imekwisha pita.

Usije ukafahamu kuwa baba huyo amesalimika mbele ya Mola wake. La! Dhambi ya kunyima iko juu yake, na Mtume S.A.W. ametufundisha kuwa yatosha kumwangamiza mtu dhambi ya kuwapoteza wale ambao chakula chao kiko mikononi mwake. Walakini katika hukumu za duniani, mama aliyekaa kimya miaka minne akisema "Mungu atamlipa" huenda akawa amepoteza njia ya kudai aliyoyatumia. Kukimbilia amri ya hakimu mapema si uchokozi wala si ukosefu wa subira. Subira ni kuvumilia lisilo na dawa, na hili dawa yake ipo.

Hapa yatupasa tueleze jambo moja la nchi yetu. Zamani Tanganyika ilikuwa na Maliwali na Makadhi wenye mamlaka ya serikali, na mashauri ya ndoa za Waislamu yaliamuliwa mbele yao. Mpango huo uliondolewa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Unguja na Pemba mahakama za Makadhi zingaliko, na Kenya zimetajwa katika Katiba yake ya mwaka 2010. Bara siyo hivyo. Shehe wa mtaa na mabaraza ya Waislamu waweza kusuluhisha, kunasihi na kuandika mapatano, na usuluhishi huo una heshima katika sheria. Lakini kukamata mali ya baba anayenyima hawawezi. Mwenye nguvu hiyo ni mahakama. Mama anayezunguka kwa mashehe mwaka mzima akitafuta wa kumlazimisha mumewe anabisha mlango usio na ufunguo.

Basi fanya hivi. Nenda kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri ya wilaya yako hapo hapo Namtumbo. Mweleze, naye atamwita baba, na wakipatana wataandika. Akikaidi, peleka ombi la matunzo mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto. Sheria hiyo imeunda Mahakama ya Watoto, na pasipokuwa na jengo lake pekee, jengo la mahakama nyingine laweza kutumiwa. Usiogope kuwa huna wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao huwasaidia wasiojiweza bila ya malipo. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hivyo hati utakazopewa utazisoma mwenyewe.

Hakimu atatazama mapato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mnapokaa. Hapo ndipo kalamu yako itakapofaa. Nunua daftari. Andika tarehe, na kilichonunuliwa, na bei yake: unga, sabuni, mafuta, viatu, dawa. Andika pia kila alicholeta yeye, hata kiwe kibaba kimoja, kwani ushahidi wa mtu asemaye kweli juu ya mpinzani wake huaminiwa zaidi. Ujumbe wa fedha kwenye simu usiufute. Baba akisema "Shule siku hizi ni bure," mjibu kwa daftari: ada iliondolewa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, ni kweli, lakini sare haikushonwa bure, wala daftari, wala chakula cha mchana.

Na akisema hana kitu? Suratut Talaq, Aya ya 7, imekwisha lipanga jambo hilo: mwenye wasaa hutoa kwa wasaa wake, na aliyebanwa hutoa katika kile alichojaaliwa, wala hapana nafsi inayokalifishwa zaidi ya ilichopewa. Mtu maskini kweli hatulaumu. Lakini wilaya yenu ni ya wakulima, na biashara ya mazao huacha nyayo. Ufuta huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, na tumbaku hupimwa kwenye masoko ya vyama. Anayepeleka mzigo huko huandikiwa. Mtu hawezi kuwa tajiri wakati wa mnada na fukara siku ya shauri.

Jambo hilo la msimu latufikisha kwenye nasaha ambayo twadhani ina manufaa makubwa kwa watu wa mashamba. Mahakama nyingi hukadiria fedha kwa mwezi, kwa kuwa wenye mishahara hulipwa kwa mwezi. Lakini mkulima au mchuuzi wa mazao hana fedha kila mwezi. Mwezi wa mavuno anazo, masika hana. Ukimwekea kila mwezi sawasawa atashindwa mwezi wa pili, naye akishindwa mara moja huona haya, na aibu humfanya akimbie kabisa. Kwa hivyo, mnapoketi kupatana, ombeni iandikwe hivi: mahindi ya chakula ya mwaka mzima yaletwe mara moja baada ya mavuno, kwa hesabu ya magunia, yawekwe nyumbani kwa mama, sare na vifaa vya shule vinunuliwe kabla ya muhula wa Januari, na fedha ya dawa na mahitaji madogo itumwe kwa simu, kiasi kidogo asichoweza kukosa. Ikiwa mahakama ndiyo itakayoamua, mweleze hakimu hayo yote.

Kupatana kwa magunia kuna faida nyingine. Fedha hupungua thamani, bali gunia hubaki gunia. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1949 juu ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Nayo ilipofutwa kwa Sheria ya Mtoto mwaka 2009, kikomo chake kilikuwa bado shilingi 100 kwa mwezi, fedha isiyotosha wakati huo hata kununua kilo moja ya unga. Mtoto hali hesabu, hula ugali.

Tukumbuke pia kisa cha Bibi Hind binti Utba, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alimshitakia Mtume S.A.W. kuwa mumewe Abu Sufyani ni bahili, hampi yanayomtosha yeye na wanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe ya kumtosha yeye na watoto, kwa wema, yaani bila ya kuzidisha. Kisa hiki kina dalili kubwa kuwa haki hiyo ni ya kweli na si sadaka. Lakini nakuonya usikitumie kwa pupa. Bibi Hind alikuwa mke ndani ya nyumba ya mumewe. Wewe leo ukiingia ghala la mtu wa Songea ukatoa gunia, utakuwa umempa mgomvi shitaka la nne kwa mkono wako mwenyewe.

Ama swali la tatu, hapo, binti yetu, tutakwambia kweli ijapokuwa chungu. Kuwaficha watoto siku ya Idi ulikosea. Kama vile masurufu si yako kuyasamehe, kumwona baba si kwako kukuuza. Ni haki ya mtoto vile vile. Yeye anapokunyima chakula ili akukomoe wewe, na wewe unapomnyima watoto ili umkomoe yeye, nyote mnapiga ngumi kwa kutumia mwili wa mtoto. Tena tazama kwa macho ya shauri: mtu anayetafuta sababu ya kuwachukua watoto, hawezi kupata zawadi kubwa kuliko kusema, "Hakimu, mama huyu alinificha wanangu siku ya Idi." Wapeleke wakamwone, mchana, mbele ya mtu mzima muaminifu, na uandike tarehe katika daftari lako. Ila ikiwa kuna hofu ya kweli ya kuwadhuru, hofu hiyo ipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii siku ile ile, usiifanyie hukumu peke yako.

Na hiyo samansi ya tatu, usiidharau. Wanawake wengi wameshindwa kwa kutokwenda, wala si kwa kukosa haki. Nenda, na uchukue nakala za hukumu mbili za mwanzo. Jambo lililokwisha amuliwa baina ya watu wale wale haliamuliwi upya kwa kuwa aliyeshindwa hakuridhika. Ni kweli kuwa amri za watoto hazifungwi milele, kwani watoto hukua na hali hubadilika. Lakini anayetaka zibadilishwe ndiye mwenye kuonyesha nini kilichobadilika. Mwulize mbele ya hakimu: "Tangu hukumu iliyopita, kimebadilika nini?" Na uombe gharama za kuitwa kwako na nauli zako. Mtu anayeshitaki kwa burudani huacha anapoanza kulipia burudani yake. Wala usijibu kwa kumbuni shitaka la uongo ili mlingane. Dai moja tu, la watoto, na ulisimamie hilo hilo.

Sasa tuna neno na wewe, bwana unayehusika, ukiwa hapo Songea au popote, maana gazeti hili huingia katika nyumba nyingi na huenda likafika kwako.

Mtume wetu S.A.W. amesema, katika hadithi aliyoipokea Bibi Aisha, kuwa miongoni mwa watu wanaochukiwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni yule mtetesi mkaidi, anayepinda katika ugomvi. Na katika hadithi aliyoipokea Bibi Umm Salama ametuambia kuwa yeye ni binadamu, watu humjia na mashauri, na huenda mmoja akawa fundi zaidi wa maneno kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alivyosikika. Basi aliyepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Haya aliyasema Mtume juu ya hukumu yake mwenyewe. Je, hakimu wa leo? Ukishinda kwa ulimi, hukushinda chochote.

Hesabu, bwana, nauli ya kwenda mahakamani, na ada za kufungulia mashauri, na siku ulizoacha biashara yako. Fedha hiyo ingalinunua magunia mangapi? Umetumia mali ili usitumie mali, na watoto wamelala na njaa katikati. Mke aliyekuwa wako si wako tena, na hasira yako juu yake ina mwisho. Lakini wale watatu wataitwa kwa jina lako mpaka siku ya kufa kwao, na ukiwa mzee hutamwita hakimu akuletee maji ya kunywa. Dinari atoayo mtu kwa ahali zake, Mtume S.A.W. ameihesabu kuwa bora kuliko hata aitoayo kwa mengine ya kheri. Unaacha malipo hayo ili upate nini?

Na nyinyi wajomba, mashangazi na majirani, mnaopeleka maneno kutoka Songea hadi Namtumbo: mwendo ni kilomita zipatazo 70, na neno baya hufika kabla ya basi. Atakayekwenda tena, na abebe gunia la mahindi mahali pa karatasi ya kutia sahihi.

Binti yetu, hatukuahidi kuwa mambo yatakwisha kwa mwezi mmoja. Lakini ukishikamana na haki ya watoto peke yake, bila ya kuizidisha wala kuiuza, utalala ukiwa huna deni kwa mtu. Na siku bwana yule atakapokuja kwa wema na debe moja tu la mahindi, mpokee, uandike, na umshukuru mbele ya wanawe. Mola wetu katika Suratul Baqara, Aya ya 237, amewakumbusha walioachana wasisahau fadhila iliyokuwa baina yao. Ilikuwapo siku mlipofurahi pamoja kwa kuzaliwa kwa mtoto wenu wa kwanza. Mtoto huyo bado yuko.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki, na amlainishe moyo baba yao. Amin. Wallahu aalam.